Re: Ovadraivu inalia kama nyuki kwenye debe

Kaka wa Igoma, umesema ukichomeka modela (kifaa cha gitaa kinachoiga ampu na spika zake) moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa, ovadraivu (ile sauti ya gitaa inayokwaruza) inalia kama nyuki kwenye debe. Angalia kwanza kama kabineti ya kuigiza, yaani sehemu ya modela inayoiga boksi la spika ya gitaa, imewashwa. Spika ya gitaa ya inchi 12 hufifisha sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi. Spika za kanisa zinatoa zote, ndiyo huo mkwaruzo. Washa hiyo kabineti, kisha kata sauti za chini ya hezi 90 na juu ya 6,000. Siku ukichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, izime, la sivyo utadhani imefunikwa blanketi.

Gaini (kitufe cha ampu kinacholeta mkwaruzo) nayo naona umeijaza. Irudishe hadi 4, upandishe masta (sauti ya jumla). Mbele ya ampu inayoigwa na modela weka pedali ya ovadraivu: draivu (mkwaruzo) 1, levo (ukubwa wa sauti) 8, toni katikati. Kazi yake ni kuisukuma ampu, siyo kukwaruza yenyewe. Sasa piga uzi taratibu: sauti iwe karibu safi. Kaza mkono, ndipo ikwaruze. Ukishusha voliumu ya gitaa hadi 6 na bado haisafiki, gaini ni kubwa mno.

Taa ya ingizo la modela ikiwaka nyekundu, shusha kidogo pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa), ziwe mbali nayo. Huo mpasuko hakuna ekyu (kirekebisha besi na toni) ya kuuponya.

Halafu achana na kupanga sauti usiku kwa hedifoni. Panga kwa ukubwa wa ibada yenyewe, maana sauti ikiwa ndogo sikio halisikii besi vizuri, unaiongeza, na Jumapili unammeza mpiga besi.