Kuhusu babu yako na chumba cha juu

Assalaam alaykum mwanangu,

Voisi yako ya jana usiku nimeiskiza mara tatu, ya kwanza nikaizima katikati manake babako alikuwa amekaa hapo karibu. Umeniuliza, mama mwaka ule wa corona mbona ulimfungia babu kule juu, hata siku ya Idi ukanikataza nisimpe mkono, na ukasema hilo swali umekaa nalo tangu uko form two mpaka leo uko Doha na miaka 22 ndo umeweza kulitoa. Nimeona bora nikuandikie, kwa simu nitalia, na nikilia sitasema yote.

Ni kweli ni mimi. Serikali ilisema watu wakae nyumbani lakini hakuna aliyekuja kuniambia funga mlango wa ngazi. Babako alikuwa hataki, alinambia utamuua mzee kwa upweke. Nikafunga.

Kumbuka nyumba ilivokuwa wakati ule. Mgonjwa wa kwanza ametangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020, Jumatatu yake shule zimefungwa, nyinyi mmerudi na mabegi mnafurahi mnadhani ni likizo ya wiki mbili, kumbe wewe utakaa nyumbani mpaka Januari. Babako bado anaenda kibarua bandarini, matatu zimejaa, jioni anakimbizana na kafyu manake kuanzia 27 Machi ikifika saa moja usiku uwe ndani. Akifika anavua nguo pale nyuma ya mlango naziloweka kwa Jik, lakini moyo wangu hautulii. Na babu yako unamjua, miaka 74, sukari, presha, na ni mtu wa kukaa barazani kutwa na kikombe chake cha kahawa na kila anayepita lazima ampe mkono na amuulize habari za kwao mpaka za ng'ambo. Nikimwambia baba ingia ndani ananambia niingie nikaongee na ukuta?

Lakini kilichonimaliza ni yale maziko tuliyokuwa tukiyaona kwa TV. Watu wamevaa manguo meupe mwili mzima, maiti amefungwa kwenye mfuko, jamaa hawatakiwi kuzidi 15. Sasa fikiria mwanangu, babu yako ndo aliyekuwa akiitwa mtaa huu wote mtu akifariki, usiku wa manane wanamgongea, anachukua bakora yake anaenda kuosha maiti ya watu, wengine hata hawajui vizuri. Mtu kama huyo aje yeye akose wa kumuosha? Wallahi nilikuwa silali. Nikifumba macho namuona baba yangu kwenye ule mfuko.

Ndo nikamwambia baba, utakaa juu. Siku mbili hakuitikia salamu yangu. Ya tatu akanambia kwa ukali kabisa, "Haya, lakini chakula changu nisiletewe kwa sahani ya plastiki kama mfungwa."

Ndo tukaanza ile habari ya kikapu. Kile cha miyaa tulichokuwa tukikiteremsha dirishani tukinunua mboga kwa wapitao, nikakifunga kamba mpya, yeye anateremsha mpaka uwani mimi natia chai ya tangawizi kwenye chupa, mkate wa mofa, samaki kwenye bakuli lile la bluu la marehemu nyanya yako, na dawa zake kwenye kikopo. Anavuta polepole, kikapu kinazunguka kinagonga ukuta, chokaa inamwagika juu ya chakula, na mimi nimesimama chini nimeinua mikono kama kitadondoka nitakidaka. Akimaliza kula anagonga sakafu na bakora mara tatu. Nyinyi mkawa mnamjibu na mwiko kwenye boriti.

Halafu Ramadhani iko katikati, 6 Mei, wakaufunga mtaa wetu huu wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Hakuna kuingia hakuna kutoka, wakasema siku 15, zikaongezwa mpaka 6 Juni. Kibarua cha babako kikakatika siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimeshanunua unga na mafuta kwa ajili ya kuuza kaimati na viazi karai hapo mlangoni, manake mwezi ule mmoja ndo hunishikia mwaka mzima, nani atanunua na kila mtu yuko ndani? Tukavila wenyewe. Ndo maana mlichoka na kaimati.

Sasa najua utaniuliza, na hapo ndo penye swali lako, ikiwa baba haendi tena bandarini na wote tuko ndani mbona hukumfungulia babu mlango? Mwanangu usikasirike na nitakalokwambia. Ni kwa sababu yako wewe. Mtaa wetu ulifungwa manake wagonjwa walikuwa wengi humu humu, na wewe alasiri ulikuwa ukitoka kwa mlango wa uwani unaenda kucheza mpira kule vichochoroni na wenzako. Ulidhani sijui. Nilikuwa naona miguu yako ikiingia na vumbi la nje na nikinyamaza, manake ulikuwa na miaka 16, umefungiwa, kama ningekukomea na wewe ningekupoteza. Nikaona kati ya nyinyi wawili mwenye subira ni yule mzee. Basi yeye ndo akabebeshwa. Sikukwambia zamani kwa sababu niliogopa utajilaumu, na hata leo nakwambia tu kwa kuwa umeuliza, na hupaswi kujilaumu, mtoto ni mtoto, mwenye funguo nilikuwa mimi.

Tarawehe unaikumbuka? Misikiti imefungwa, babako anatuswalisha hapo chini ukumbini, na babu juu anafuata kwa sauti. Babako mwenye sauti ya upole vile ikambidi anyanyue takbiri mpaka shingo inatoka mishipa, ili ipenye zile boriti. Tukienda sujudu naskia na juu zile goti zake zinatua kwenye sakafu, moja halafu ya pili, kwa taabu, na babako alikuwa hainuki mpaka aziskie. Hakuna aliyempangia hivo. Mimi nyuma huku nalowanisha mswala.

Ile Idi sasa. Nilikosea hapo, nakubali. Nilikuzuia katikati ya ngazi na kanzu yako imekupanda juu ya vifundo, babu amesimama kule juu amenyoosha mkono, na mimi nikapiga ukelele "Usimguse!" Mbele ya watoto wote. Ningeweza kukuacha ukae pale ngazini muongee, nikakaa na mimi. Lakini ulikuwa ukelele wa woga na ulishatoka. Nawe ukashuka ukaingia chumbani mpaka magharibi.

Julai misikiti ikafunguliwa, alikuwa ameshapiga pasi kanzu yake kabisa, ndo tukaskia wa zaidi ya miaka 58 wasiende. Akaitundika tena. Mwezi wa nane nilifungua mlango mwenyewe, akashuka kwa kukalia, kidaraja baada ya kidaraja, miguu imekwisha nguvu. Miguu ile haikurudi sawa tena, hilo nalibeba mimi. Na 2022 alipotutoka kwa sukari yake, ulikuwepo, wewe na wajomba zako ndo mliomuosha, wewe ulitia maji, na jeneza lilipotoka pale mlangoni hamkuwa 15, kichochoro kizima kilijaa mpaka watu wakapanda barazani kupisha. Siku hiyo nilikaa ndani nikasema alhamdulillahi kwa hilo moja.

Kitu cha mwisho, hiki hata babako hajui. Siku ile ya Idi baada ya wewe kuingia chumbani babu aliteremsha kikapu na mikono ya Idi ya wajukuu, noti zimekunjwa, kila mtu na yake. Wenzako wakachukua, wewe nilikugongea hukufungua. Jioni akaniuliza kutoka dirishani, "Amechukua?" Nikamwambia amechukua, amefurahi sana. Akacheka, akafunga dirisha. Ilikuwa mia mbili. Nilinunulia mkaa.

Nipigie Ijumaa baada ya swala, babako atakuwa hajarudi, tuongee vizuri.

Mamako