Nguzo za Mkunazini kwa nini ziko kichwa chini

Umeuliza zile nguzo karibu na kisima cha ubatizo pale kanisa la Anglikana Mkunazini, Unguja, mbona zinaonekana zimegeuzwa? Ndio, zimegeuzwa kweli ndugu yangu. Inavyosimuliwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa lile, alisafiri, mafundi wakazisimamisha kichwa chini miguu juu, aliporudi akaamua ziachwe vile vile. Mimi naona alifanya la maana sana, maana mkono wa wale mafundi uko pale mpaka leo na kila mgeni anauulizia.

Ila usiishie kwenye nguzo. Pale palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, na mwaka huo huo siku ya Krismasi wakaweka jiwe la msingi. Ukifika mbele angalia chini, kuna duara la marumaru kwenye sakafu, ndo panasemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa viboko, na altare iko hapo hapo. Nilisimama pale nikashindwa kuongea.

Halafu inua macho paa, halina boriti hata moja, ni tao moja refu la mawe ya matumbawe na saruji, watu wakati ule walikuwa wanasema litaanguka tu na bado limesimama! Steere mwenyewe alifariki 1882, kazikwa nyuma ya altare. Na ule msalaba wa mbao ulioko mle kanisani, umetokana na mti wa kule Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa David Livingstone, yule mmishonari aliyepinga biashara ya watumwa.