Unataka Kazi ya Kutunza Wafadhili wa Chuo Kikuu Huku Asia? Basi Kaa Nikwambie

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliyemaliza shahada ya uhusiano wa umma aliniandikia: "Shikamoo dada, naomba unielekeze namna ya kupata kazi kama yako." Akaambatanisha CV ya kurasa sita. Nilitaka kumjibu pembeni, lakini wanaoniuliza swali hilo ni wengi, na mwezi huu limenitokea jambo ambalo nisipolisema litanikaba. Kwa hiyo mdogo wangu, nisamehe, nakujibu mbele za watu.

Niko Singapore, katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, kwenye ofisi inayotafuta wafadhili na kuwatunza. Mimi niko upande wa kutunza. Naandika barua na ripoti, naandaa hafla, nasuluhisha ugomvi wa herufi kwenye vibao vya majina, napokea simu za watoto wa marehemu wanaouliza pesa ya baba imefanya nini. Jambo lenyewe ni hili: familia moja iliyofungua mfuko wa kusomesha wanafunzi miaka mingi iliyopita imesaini mkataba wa mfuko wa pili, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Siku ya kusaini hotuba zilishukuru kila mtu, mpaka mpiga picha. Mimi nilikuwa mlangoni, nagawa beji.

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza nikueleze nilivyoingia.

Kwenye usaili mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama huko kwetu kuna utamaduni wa kuchangia. Nilimtazama nikakumbuka Sinza. Nikamweleza kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao vya kila Jumapili, kadi ya singo na kadi ya dabo, orodha ya ahadi inayosomwa hadharani, ujumbe wa kukumbushana unaotumwa usiku watu wakiwa wamelala. Nikamwambia kwamba shughuli ikiisha tunakutana tena kuvunja kamati, na pale mweka hazina anasoma mapato na matumizi hadi bei ya maua, na ole wake hesabu zisikae. Walicheka. Mimi sikuwa nachekesha. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi Dar es Salaam amefanya nusu ya kazi hii bila mshahara.

Halafu nikawaambia kitu ambacho nadhani ndicho kilichonipa kazi. Nilikuwa nimesoma historia yao. Shule ya kwanza ya udaktari Singapore ilianza 1905, na haikuanza kwa hisani ya Waingereza. Wafanyabiashara wa huko, wakiongozwa na Tan Jiak Kim, waliandika ombi kwa gavana. Serikali ikasema sawa, tafuteni dola 71,000 kwanza. Wakapita kwa watu wakarudi na dola 87,077, na 12,000 kati ya hizo alizitoa Tan mwenyewe. Pia Chuo Kikuu cha Nanyang, kilichoanzishwa miaka ya hamsini kwa ajili ya wanafunzi waliosoma kwa Kichina. Tan Lark Sye, tajiri wa biashara ya mpira unaogemwa mitini, aliahidi dola milioni tano, na madereva wa baiskeli za miguu mitatu wakatoa mapato yao ya siku nzima. (Huyo Tan Lark Sye baadaye serikali ilimvua uraia kwa sababu za kisiasa. Nalikumbuka hilo kila nikisikia mtu anasema matajiri wanatoa ili wabembelezwe.) Ukitaka kazi Asia, soma nani alijenga nini kabla hujafika. Wenyeji wenyewe wengi hawajui, na wanakuheshimu ukijua.

Basi nikapata kazi. Kilichofuata ni miaka ya karatasi, sitakuchosha nacho.

Lakini kuna sentensi moja haijanitoka moyoni. Nilipoomba kuhamia kwenye kundi linalokutana na wafadhili ana kwa ana, mkubwa wangu wa wakati huo aliniambia kwamba kwa sasa nibaki upande wa maandishi, kwani "wazee wetu hawajakuzoea." Hakusema zaidi, wala mimi sikuuliza. Kwa hiyo nikawa naandaa maelezo ya kila mfadhili: watoto wake, biashara yake, alisoma wapi, anakula nini na hali nini. Wenzangu wanaibeba karatasi yangu kwenda nayo chakula cha jioni, wanarudi wakisema kikao kilikuwa kizuri sana. Nilikuwa nacheka nao. Bado sijui kama nilipaswa kucheka.

Katika hizo karatasi ndipo nilipokutana na familia ninayoisimulia. Mzee aliyefungua mfuko alikuwa muuza vifaa vya meli, amefariki. Mjane wake anazungumza Kiteochew, lugha ya Wachina wa kusini, Kiingereza anakisikia kidogo. Kila mwaka chuo kilimpelekea ripoti ya mfuko: mtaji, faida ya uwekezaji, wastani wa alama za wanafunzi, mchoro wa rangi. Binti yake siku moja alikuja ofisini na malalamiko ya kodi. Huku ukitoa mchango kwa chuo kinachotambuliwa, unapunguziwa asilimia 250: ukitoa dola 1,000, dola 2,500 zinaondolewa kwenye mapato yako yanayotozwa kodi. Nafuu hiyo inaingia yenyewe kwa mamlaka ya kodi, mradi namba ya utambulisho iwe sahihi. Mama ndiye aliyetoa, namba iliyoandikwa ni ya binti. Nilikaa naye tukalinyoosha.

Akiwa anasubiri, akaniambia kuwa mama yake huwa anaziweka zile ripoti kwenye droo bila kuzifungua. Kila mwaka anauliza swali moja tu: huyo mtoto anakula wapi?

Mwaka uliofuata sikupeleka mchoro peke yake. Nilimwita mwanafunzi, nikamwomba ridhaa kwa maandishi (huku sheria ya taarifa binafsi haina mchezo), nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Kwamba anatoka Woodlands, kaskazini kabisa, anapanda treni alfajiri. Kwamba baba yake anaendesha teksi. Kwamba mchana anakula wali wa kuku kantini, na tangu apate ule mfuko ameacha kufanya kazi za usiku. Binti akamsomea mama yake kwa Kiteochew. Tangu hapo barua hazikwenda kwenye droo.

Kisha nikaalikwa nyumbani, mimi, si mkubwa wangu. Ilikuwa msimu wa doriani, na yule mama akapasua moja mezani huku ananichungulia aone nitakunja sura, maana wageni wengi hukimbia harufu. Mama yangu mzazi ni wa Unguja. Nimekula doriani tangu sijaota meno ya utu uzima. Nilimaliza kipande cha kwanza, nikanyoosha mkono kuchukua cha pili, na bibi wa watu akacheka mpaka akashika kifua. Yule niliyeambiwa hajanizoea.

Mkataba wa mfuko wa pili una kipengele ambacho mawakili wa chuo hawakukipenda. Kinasema familia italetewa barua kuhusu kila mwanafunzi kila mwaka, na kimeandikwa kabisa: barua, pamoja na ripoti. Kipengele hicho kimetoka kwenye mdomo wa yule mama. Sasa unaelewa kwa nini kugawa beji kuliniuma, na kwa nini pia nilikuwa natabasamu nikigawa.

Haya, ushauri.

Shukuru mapema. Hundi ikiingia leo, barua itoke wiki hiyo hiyo. Si barua ya kompyuta yenye sahihi ya kubandika. Mtu wa miaka themanini aliyeuza nanga maisha yake yote anaijua.

Jifunze majina. Jina la Kichina huanza na ukoo: Tan Kah Kee ni Bwana Tan, na ukimwita Bwana Kee umejiaibisha pamoja na chuo chako. Wamalei hawana majina ya ukoo, wana bin na binti, na hapo sisi watu wa pwani tuko nyumbani. Watamili wengi hivyo hivyo, jina lake na la baba yake. Nimeona mwenzangu mwenye shahada mbili kubwa akipoteza mfadhili kwa kugeuza jina.

Jua jina la nani linawekwa ukutani. Huku mara nyingi mtoaji haweki lake, anaweka la baba au la mama. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kinaitwa Yong Loo Lin tangu 2005, baada ya dola milioni 100 kutoka kwenye dhamana yenye jina la marehemu huyo. Wengine hawataki jina kabisa: Yasuda Zenjiro, mwenye benki wa Japani, alipotoa fedha za ukumbi wa Chuo Kikuu cha Tokyo alitaka asitajwe, akauawa 1921 kabla haujajengwa, na leo watu wanauita Ukumbi wa Yasuda. Jina linaweza pia kuwasha moto. Mwaka huo huo wa 2005 Chuo Kikuu cha Hong Kong kiliamua kukiita kitivo chake cha tiba Li Ka Shing, tajiri wa huko, baada ya ahadi yake ya dola bilioni moja za Hong Kong. Wahitimu wakaja juu. Kitivo hicho kina mizizi ya 1887, Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, ni zao lake, na wao hawakuona kwa nini kipewe jina la mtu, hata awe ametoa nini. Jina likabaki. Fedha zilikuwa nyingi, lakini nakwambia walioiandaa ile habari hawakulala vizuri.

Usikimbilie jibu. Mfadhili hatakwambia hapana usoni. Atasema atafikiria, atakujazia chai. Wewe uliyewahi kukusanya ahadi unaijua "nitakuona mwisho wa mwezi," kwa hiyo usijifanye hujui unachosikia. Rudi na habari ya wanafunzi wake, usirudi na ombi.

Na shukuru mapema. Najua nimeshasema. Narudia kwa sababu vijana wetu mnapenda kuomba, kushukuru mnakuona kama kupoteza muda. Mnapata ufadhili wa kusoma nje, mnapiga picha uwanja wa ndege, aliyewalipia anasubiri barua mpaka anazeeka. Tan Kah Kee alianzisha Chuo Kikuu cha Xiamen 1921 kwa fedha za mpira na mananasi kutoka hapa Singapore. Biashara ikayumba, akaendelea kulipa. Kampuni ikafilisiwa 1934, akaendelea kutafuta. Hadi 1937 alipokikabidhi kwa serikali. Mkwewe Lee Kong Chian naye alitoa, na hadi leo wakfu wake unatoa: dola milioni 150 kwa shule ya udaktari yenye jina lake, mwaka 2011. Watu wa namna hiyo hawakosi pesa ya kununua shukrani. Wanataka kujua tu kama kuna mtu anafuatilia walichokiacha.

Kuhusu kibali cha kazi, kwa kuwa umeuliza: tangu Septemba 2023 Singapore inapima waombaji kwa pointi, zinatakiwa 40. Mshahara na elimu vina pointi, na kuwa raia wa nchi yenye watu wachache kwa mwajiri huyo nako kuna pointi, jambo linalotusaidia sisi. Lakini nafasi lazima itangazwe kwa wenyeji kwanza, na mwajiri lazima akutake hasa. Kama njia hiyo ni ndefu, tazama karibu: Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzia Karachi 1983, leo kiko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na kimejengwa juu ya utoaji wa aina hii hii. Ufundi ni mmoja.

Mdogo wangu wa Morogoro, usinitumie tena CV. Mtafute mtu aliyechangia ada yako, shangazi, padri, jirani, yeyote, umwandikie ukurasa mmoja kwa mkono: pesa yake ililipa nini, ulikaa hosteli gani, ulikula nini, leo uko wapi. Umpelekee mwenyewe. Kisha nipigie picha nakala yake unitumie, akiridhia. Hiyo nitaisoma yote, na ikiwa nzuri nitaipeleka kwa wanaoajiri nikiwa nimeweka jina langu juu.