Wewe unayeanza kutafiti dansi na afya, soma hili kwanza

Asilimia 76 itakupokea mlangoni. Inanukuliwa kila kona: eti kucheza dansi kunapunguza kwa kiasi hicho hatari ya demensia, ule ugonjwa wa akili na kumbukumbu kufifia uzeeni. Nami niliipachika kwenye andiko langu la kwanza bila kusoma ilikotoka. Msimamizi akaniandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Wanaocheza ndio hawaugui, au wasioumwa ndio wanaocheza?"

Ilitoka Bronx, New York, kwenye utafiti uliochapishwa 2003. Wazee 469 waliozidi miaka 75 walifuatiliwa takriban miaka 5, na 124 wakapata demensia. Kati ya shughuli zote za mwili walizoulizwa, ni dansi pekee iliyoambatana na hatari ndogo. Lakini hakuna aliyepangiwa kucheza. Na akili haififii kwa siku moja: mtu huanza kukosea hatua, akaona haya, akabaki kitini miaka kadhaa kabla daktari hajatamka neno. Watafiti wenyewe walisema yanahitajika majaribio.

Sasa tazama jaribio lenyewe linavyoweza kukuvunja moyo. Huko Sydney, vijiji 23 vya wastaafu viligawanywa kwa bahati nasibu, wazee zaidi ya 500, vingine vikapewa masomo ya dansi mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Matokeo ya 2016: wachezaji hawakuanguka mara chache kuliko wenzao. Nauheshimu utafiti huo kuliko mingi yenye habari njema.

Shida yangu kubwa mwenyewe ilikuwa dodoso. Niliandika, "Je, hucheza ngoma?" Vijana wakaangua kicheko, maana mtaani "ngoma" ni ukimwi, na mimi nimevaa kitambulisho cha afya. Bibi mmoja akanijibu kwa ukali kwamba yeye ni mtu wa dini, hayo mambo ya ngoma aliyaacha zamani. Nikageuza swali: "Mara ya mwisho kwenda harusini ilikuwa lini? Ulifanya nini huko?" Akacheka. Alikuwa ametoka kwenye kicheni pati Jumamosi iliyopita na magoti bado yanamuuma. Kwenye fomu zangu za awali angehesabiwa "hachezi". Basi uliza tukio, uliza muda, uliza kama alitokwa jasho, na usichanganye chakacha na sindimba kana kwamba ni dozi moja.

Kundi linganishi, yaani wasiocheza unaowalinganisha na wachezaji, nalo lisiachwe nyumbani. Kama wachezaji wanakutana, wanakunywa chai na kutaniana huku wenzao wako peke yao, huenda umepima urafiki tu. Kule Magdeburg, Ujerumani, wazee wa kundi la pili walifanya mazoezi ya viungo kwa miezi 18 sambamba na wachezaji. Sehemu ya ubongo ya kumbukumbu ilikua kwa wote. Uwezo wa kusimama bila kuyumba ndio uliowapendelea wachezaji. Wachezaji 14 tu, wa mazoezi 12, kwa hiyo usipige vigelegele mapema.

Anayepima mwishoni asijue nani alikuwa kundi gani. Mahudhurio andika siku ileile, si Ijumaa kwa kukumbuka.

Na kabla hujalipia ukumbi, fungua kalenda. Programu yangu ya wiki 12 niliianza wiki mbili kabla ya Ramadhani. Kipimo cha mwisho nilikifanya kwa watu tisa.