Kabla ya Msondo, Kaa Kwenye Vumi

Wengi wanaonijia kutaka kujifunza ngoma wanataka msondo. Nawaelewa. Msondo ni mrefu, mpigaji anaubana katikati ya mapaja, na macho ya uwanja mzima yako kwake. Waliomwona Bi Kidude akiupiga kwenye unyago hawamsahau. Nilipoanza, huku Tanga, mimi pia nilikuwa na hamu hiyo hiyo. Mzee aliyenifundisha akanisogezea vumi. "Kaa hapo, mwanangu," akasema. Nikakaa miezi minane.

Leo nami nawaanzisha wanafunzi wangu hapo hapo. Vumi ni ngoma nene, ya sauti nzito, na mapigo yake ni machache. Uchache huo ndio ugumu wenyewe, maana hakuna pa kujificha: ukiharakisha kidogo tu, miguu ya wachezaji inajua kabla yako. Piga kwa kiganja kizima katikati ya ngozi, kisha unyanyue mkono upesi kama aliyegusa chungu cha moto. Mkono ukilala juu ya ngozi, mlio unakufa. Nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono. Wiki za mwanzo nilikuwa napiga kwa bega, viganja vikavimba hadi nikashindwa kumenya muhogo.

Ukishaweza kushika mwendo mmoja kwa nusu saa bila kuyumba, nenda kwenye chapuo. Hii ni ndogo, imewambwa ngozi pande zote mbili, na kazi yake ni kujaza nafasi zinazoachwa na vumi. Hapa vidole ndivyo vinavyofanya kazi, tena karibu na ukingo, ambako ngozi hutoa mlio mkali.

Msondo uje mwisho. Mwenye msondo huzungumza na wachezaji: anawaita, anawageuza, anawatuliza. Utazungumzaje na watu kama hujawahi kukaa kimya ukawasikiliza wenzako?

Jifunze pia kuijua ngozi. Usiku wa pwani una unyevu, ngozi inalegea na ngoma inabweka badala ya kulia. Tunawasha makuti makavu, tunaipasha, tunaigonga kwa kidole, tunasikiliza, tunaipasha tena. Usiiache ngoma ukaenda kuongea. Niliwahi kuipasua ngozi mpya ya mbuzi namna hiyo, saa moja kabla ya harusi, na tukapiga usiku kucha bila chapuo. Aibu ile bado ninayo.

Ukienda kwingine, usidhani mkono wako unatosha. Ugogoni wanawake hupiga muheme, ngoma zenye kiuno chembamba, wakiwa wamezibana mapajani. Buganda wana engalabi, ndefu kama msondo, lakini imewambwa ngozi ya kenge, na mlio wake ni mkali mno. Burundi ngoma husimamishwa chini na hupigwa kwa fimbo mbili. Mchezo wao wa ngoma za kifalme uliingia kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2014. Nao pia, ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza, lakini huzungukwa na wapigaji wanaoshikilia mwendo usiobadilika. Nikiwatazama namkumbuka mzee wangu na vumi lake.

Kama huna ngoma nyumbani, chukua dumu tupu la lita 20. Keti kwenye kigoda, libane kwa magoti, upige pigo moja zito kila baada ya kuhesabu moja hadi nne kwa mdomo. Fanya hivyo robo saa kila jioni, bila kuongeza pigo hata moja, hata mkono ukikuwasha. Ukiona watoto wa jirani wameanza kutikisa mabega bila kuambiwa, njoo, nikusogezee vumi.