Maswali yenu ya utunzi na usomaji, leo najibu manne

Mishororo yangu yote iko sawa kwa urefu lakini naambiwa mizani imepinda, kivipi?

Kwa sababu umepima kwa macho. Mizani ni silabi, sio herufi. "Mtu" ni mizani 2, m-tu, na "nyumba" yenye herufi kibao nayo ni 2 tu. Wengi mnaanguka kwenye hiyo "m", mnaimeza. Chukua huu mshororo nimeubuni sasa hivi: *Nilidhani nimefika, kumbe safari yaanza*. Hesabu kwa vidole, 8 kwa 8, jumla 16, ukwapi, yaani kipande cha kwanza, unaisha na -ka, utao, kipande cha pili, unaisha na -nza, basi vina hivyo, sauti hizo za mwisho, unavibeba ubeti mzima mpaka ufike kituo, mshororo wa mwisho.

Bila vina ni shairi kweli?

Haya tumerudi kulekule. Mshairi Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za utunzi 1954, mshairi mwenzake Kezilahabi akaja na diwani yake Kichomi 1974 akaziweka hizo sheria pembeni, na ugomvi ukawaka kwelikweli. Mimi nasema ni shairi, ila wengi wanakimbilia shairi huru, lile lisilofuata vina na mizani, kwa uvivu tu, wanakata sentensi ya kawaida vipandevipande alafu wanaita shairi. Mshororo ukikatika pale lazima pawe na sababu, pumzi au mshtuko, la sivyo andika insha tu ndugu yangu.

Riwaya imekwama katikati, nifanyeje?

Muulize mhusika wako anataka nini na nani anamzuia. Kama hujui, ndo hapo ulipokwama.

Lazima nijue maisha ya mwandishi ndio nimwelewe?

Sio lazima uanze nayo. Msome mshairi Abdilatif Abdalla, shairi lake la Mamba, mara ya kwanza utaona mnyama mwenye majivuno huko mtoni na utafurahia tu lugha. Alafu ujue kwamba Sauti ya Dhiki, diwani yenye shairi hilo iliyotoka 1973, aliitunga akiwa gerezani Kenya, alifungwa 1969 kwa kuandika waraka wa kuikosoa serikali. Rudi sasa kwa yule mamba. Utaanza kujiuliza ni nani, na mshairi mwenyewe hajakutajia popote, ukishajua ya gerezani unamwona kila ubeti. Ndo maana nawaambia someni kwanza, wasifu baadae, mkianza na wasifu mnamkosa mamba kabisa mnabaki na siasa tu.