Maneno ya kale ya Kiingereza: yapi yabaki, yapi yafutwe

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: je, maneno ya kale ya Kiingereza bado yana kazi katika maandishi ya leo, au ni madoido tu? Mengi tunayoyaona kwenye barua na mikataba ni ya kufuta. Machache yana kazi yake, na hayo yaachwe.

Kipimo ni kulifuta neno na kuisoma sentensi upya. Katika "I hereby resign", "hereby" linaonyesha kwamba kitendo kinatimia kwa maandishi hayohayo, ndiyo maana linafaa katika kujiuzulu, kuteua na kutoa idhini. Lakini "I hereby write to inform you", inayopendwa mno maofisini, haitimizi chochote. Ifute, uanze na habari yenyewe.

Hatari iko kwenye mikataba. "Herein" maana yake ni humu, lakini humu wapi: katika kifungu hiki au mkataba mzima? Ugomvi ukitokea, kila wakili atashika maana inayomfaa mteja wake. Taja namba ya kifungu: "in clause 7". "The said premises" ina kasoro hiyohiyo. Mkataba wa pango ukihusu duka na stoo, haijulikani linalosemwa ni lipi. Kipe kila kimoja jina mwanzoni, "the Shop" na "the Store", na usilibadilishe hadi ukurasa wa mwisho.

Linalosumbua kuliko yote ni "shall", kwa kuwa hubebeshwa kazi tatu ndani ya hati moja. "The Tenant shall pay" ni wajibu. "This Agreement shall commence on 1 July" ni tarehe tu. "The Landlord shall be entitled to inspect" ni haki. Andika "must pay", "starts on" na "may inspect", na ubishi utapungua. Kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007, "shall" ilipisha "must", "may" au "should" kulingana na maana iliyokusudiwa.

Tahadhari moja: istilahi ya kisheria si pambo. Uingereza ilibadili "plaintiff" (mdai) kuwa "claimant" katika kanuni zilizoanza Aprili 1999, lakini Kenya, Uganda na Tanzania bado zinatumia "plaintiff". Ukiandika hati ya kupeleka mahakamani huku, iache ilivyo.

Yapo pia yaliyoganda ndani ya misemo. Pasipoti ya Uingereza humwombea mwenye nayo apite "without let or hindrance". "Let" hiyo ni kizuizi, neno tofauti kabisa na "let" ya kuruhusu, na ndiyo inayosikika kwenye tenisi mpira wa kuanzisha unapogusa wavu. Misemo ya namna hii haitengenezwi upya. Itumie nzima au iache nzima.

Anayetaka ladha ya kale kwenye tamthilia au kadi ya harusi ajifunze sarufi yake kwanza. "Thou" na "thee" ni "wewe" ya kale: "thou" ni kiima, "thee" ni shamirisho, na kitenzi cha "thou" huishia na -est: "thou goest", ingawa husemwa "thou art" na "thou hast". Mwisho wa -eth ni wa nafsi ya tatu umoja peke yake, kwa hiyo "I thinketh" ni kosa tupu. Kwa maana ya "-ako", "thy" hutangulia konsonanti, "thine" hutangulia irabu: "thy house", "thine eyes". Tena "thou" haikuwa neno la heshima. Wengi hudhani hivyo kwa kuizoea kwenye sala, lakini enzi za Shakespeare, mkubwa alimwambia mdogo au mtumishi "thou", naye akajibiwa "you". Mwandishi wa tamthilia akimfanya mtumishi amwite mfalme "thou", amemwandikia tusi bila kukusudia.